Haki ya Gurudumu

Bibi Mbuke alikuja na kigoda chake mwenyewe. Walinzi wa lango la Ngazi ya Tisa walimwambia kwamba chumba cha pampu kina benchi la wafiwa, tena limewekewa mto, lakini aliwajibu kuwa hakushuka ngazi zote zile ili aje kutafuta mito. Alikitua kigoda hatua mbili kutoka kwenye gurudumu la vali, akakitikisa kuona kama kimesimama sawa, akaketi, kisha akaufungua mfuko wa karanga za kuchemsha na kuuweka pajani.

Fundi Kasanda Mihambo, aliyeitunza pampu ile kwa miaka ishirini na sita, alimsomea sheria kama alivyowasomea wafiwa wengine. Baraza la Mji wa Ngazi Tisa lilimtambua kuwa ni mfiwa. Mjukuu wake Milembe, mtoto wa miaka sita, alikufa kwa uzembe wa Masunga. Kwa hiyo Bibi amepewa siku kumi za Haki ya Gurudumu, nusu saa kila siku baada ya kengele ya adhuhuri. Anaweza kulizungusha gurudumu kadiri apendavyo, mradi asiipite alama nyekundu. Na fundi atahesabu mizunguko kwa sauti, ili mwenye haki ajue kiasi anachokichukua.

"Alama nyekundu iko kwenye mzunguko wa ngapi?" aliuliza Bibi Mbuke.

"Wa sita, Bibi. Ukifika wa nane vali imefunga kabisa."

"Na walionitangulia walifika wapi?"

"Wengi waliishia mmoja. Kuna mama mmoja alifika mitatu, akaangua kilio, akapanda kwake na hakurudi tena."

"Mimi nilikwisha kulia nyumbani," alisema Bibi Mbuke, akainuka na kuifuta mikono yake kwa upande wa kanga. "Hesabu."

Ng'ambo ya gurudumu, katika kiti cha chuma kilichoungwa na ganda la pampu, alikaa Masunga. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo alikuwa mwanafunzi wa Kasanda. Nyuzi arobaini na mbili, nyembamba kama nywele, zilitoka katika ganda la pampu na kuuingia uti wa mgongo wake. Alikuwa ndiye msikilizaji, kwa hukumu ya Baraza. Vyombo vya kupimia havikudumu chini kule. Mvuke na chumvi za ziwa la maji moto lililoko chini ya mji viliviozesha kabla mwezi haujaisha, na hata vilipokuwa vizima vilichelewa kuiona hitilafu. Neva ya binadamu haikuchelewa. Kitu chochote kilichougusa mwili wa pampu kiliufikia mwili wa msikilizaji papo hapo, kama meno yake mwenyewe yanayouma chuma.

"Mmoja," alihesabu Kasanda.

Hapakuwa na badiliko. Pampu iliendelea kuguruma kwa sauti ile ile nene iliyowalaza na kuwaamsha watu elfu tisa.

"Miwili. Mitatu."

Watu wengi hudhani kwamba pampu huyavuta maji kama mtoto avutavyo uji kwa mrija. Sivyo. Pampu hupunguza tu shinikizo mlangoni mwake, na shinikizo lililoko juu ya ziwa ndilo linaloyasukuma maji yaje. Njia ikiwa wazi, maji huja yamejaa, mazito na tulivu. Njia ikibanwa kabla ya pampu, shinikizo mlangoni hushuka mno, na maji yenye joto kama yale ya ziwa la chini huchemka pasipo moto. Mapovu ya mvuke huzaliwa ndani ya bomba kwa maelfu, huingia katika impela, lile gurudumu la mapezi linaloyarusha maji juu, na huko hukutana na shinikizo kubwa na kupasuka yote kwa ghafla. Kila povu ni dogo kuliko punje ya ulezi, na kila moja hupiga chuma kama ncha ya msumari.

"Minne. Mitano."

Sauti ikabadilika. Ikawa kana kwamba mtu amemimina ndoo ya kokoto ndani ya ganda. Masunga aliinua kidevu, akafumba macho, akayauma meno. Kisha maumivu yakamshinda, akapiga ukelele uliomfanya mlinzi wa langoni ageukie ukutani.

"Sita," alisema Kasanda. "Hapo ndipo mwisho, Bibi."

Bibi Mbuke alirudi kigodani. Alimenya karanga moja, akaitafuna, akamenya ya pili. Alimtazama Masunga jinsi mwalimu amtazamavyo mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, kwani kwa miaka arobaini alikuwa ndiye mwalimu wa hesabu wa Ngazi ya Nne. Mkojo ulipomtiririka Masunga miguuni, Bibi alikivuta kigoda nyuma kidogo ili usimfikie. Nusu saa ilipotimia aliyakusanya maganda yake yote, hakuacha hata moja sakafuni, akamshukuru fundi na kwenda zake.

*

Kila siku ya haki, baada ya nusu saa kutimia, pampu ilisimamishwa kwa dakika ishirini ili ikaguliwe. Kasanda alifungua tundu la ukaguzi, akaingiza taa na kioo. Alitazamia kuona mikwaruzo. Alichokiona ni mapezi yaliyotobolewa kama mahindi yaliyobunguliwa. Alibandika nta juu ya vidonda vile, akaibandua, akaipima kina: milimita moja na nusu. Siku ya pili Bibi Mbuke alifika tena kwenye alama nyekundu, na nta ikaonyesha milimita moja na nusu nyingine.

Pezi lilikuwa na unene wa milimita kumi na mbili. Kwa siku kumi za namna ile lingehitajika pezi la milimita kumi na tano.

Hapakuwa na impela nyingine. Kiwanda kilichoisubu kilibaki juu ya ardhi, ambako jua lilimwua mtu kabla hajamaliza kutembea shamba moja. Maji ya ziwa yalipandishwa na pampu hadi minara ya kupozea, yakapoa, ndipo yalipoteremka ndani ya kuta za kila ngazi na kuzifanya nyumba zikalike. Pampu ikisimama, kuta hupata moto. Masunga alikuwa ameuonyesha mji maana yake: alifunga koki ya Ngazi ya Nne ili abadilishe gasketi, akaitwa kula pilau ya mtoto wa mwenzake aliyekuwa anapewa jina, akala, akacheza ngoma, na koki akaisahau kwa saa sita. Watu kumi na mmoja walikufa vitandani mwao, Milembe akiwa mmojawapo.

Kasanda alikwenda Barazani na vipande vyake vya nta. Mwenyekiti, Mzee Shigela, alivipokea, akavigeuza kwenye mwanga, akavirudisha.

"Kila fundi wa pampu aliyepata kuingia humu ametwambia kuwa pampu inakufa," alisema. "Inakufa tangu sijaota ndevu."

Kasanda alimweleza kwamba safari hii kipimo kipo. Sheria ilitungwa na watu waliodhani kuwa mfiwa atachoka, atahurumia au ataogopa, kwa hiyo hawakuuliza itakuwaje akifika kwenye alama nyekundu siku zote kumi. Aliomba haki ihamishiwe vali ya pili, iliyoko upande wa kusukumia, baada ya pampu. Huko mtu angeweza kubana apendavyo. Maji yangepungua, lakini impela isingedhurika.

"Na msikilizaji?"

"Msikilizaji asingesikia kitu, Mzee."

"Basi unadhani kwa nini waasisi hawakuichagua hiyo?" Mzee Shigela aliuliza kwa upole. "Waliijaribu. Msikilizaji wa kwanza alisinzia, akakoroma mbele ya mfiwa. Jioni ile ile watu wanne walichinjwa katika ujia wa Ngazi ya Pili. Nisikilize, Fundi. Kabla ya gurudumu lile, ukoo ulikuwa unaulipiza ukoo mpaka milango ikaongezwa kufuli tatu tatu. Pampu ikifa, huenda tutakufa kwa joto mwezi ujao. Sheria ikifa, tutakufa kwa visu kesho. Nenda kafanye kazi yako."

*

Kasanda aliifanya, ila si kama alivyoagizwa. Siku ya tatu, asubuhi, pampu iliposimamishwa kwa ajili ya kutiwa grisi, alifunga bomba la pembeni nyuma ya ukuta wa matengenezo, likaanzia kabla ya vali na kuishia baada yake. Maji yakapata njia mbili. Mtu angeweza kulifunga gurudumu lote, na bado impela ingekunywa ikashiba.

Alimnong'oneza Masunga ambalo alipaswa kulifanya. Masunga alicheka kwa mara ya kwanza tangu alipoungwa na nyuzi.

"Nilie kwa sauti ya kwanza au ya pili, Fundi?"

"Lia kama mtu anayeumwa."

"Hilo sasa nalijua. Umenifundisha kazi nyingi, lakini hii nimejifunza mwenyewe."

Alilia vizuri. Siku ya tatu alipiga ukelele mpaka mate yakamdondoka. Siku ya nne akamwita mama yake. Siku ya tano akamwomba Bibi Mbuke radhi kwa maneno marefu yaliyopangika, akiwataja marehemu kumi na mmoja kwa majina yao. Kasanda alihesabu mizunguko sita kila siku bila sauti yake kutetereka. Baada ya kila ukaguzi nta haikuonyesha vidonda kuongezeka, na akajiambia kwamba siku zilizobaki zitapita hivyo hivyo, kila mtu atakuwa amepata alichokitaka, na mji utakuwa na maji.

Siku ile ya tano, nusu saa ilipokaribia kwisha, Bibi Mbuke aliuweka chini mfuko wa karanga, akainuka. Hakwenda kwa Masunga. Alikwenda kwenye geji ndogo iliyofungwa baina ya vali na pampu, akaitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha.

"Fundi," alisema, "siku ya kwanza mshale huu ulishuka kutoka hapa hadi hapa. Siku ya pili vivyo hivyo. Tangu juzi haujasogea."

Kasanda alijibu kuwa geji za chini huharibika upesi kwa chumvi.

"Ingeharibika, isingetikisika kabisa. Inatikisika vizuri tu, ila haishuki. Njia imebanwa, na shinikizo ni lile lile? Nimewafundisha hesabu watoto wajinga kwa miaka arobaini, mwanangu. Nakijua kichwa kilichonakili jibu." Alimgeukia Masunga, ambaye bado alikuwa akigumia. "Nyamaza wewe. Siku ya kwanza hukuwa na nafasi ya kutaja majina ya watu. Ulijikojolea."

Masunga akainamisha kichwa.

Walinzi walibomoa ukuta wa matengenezo kabla ya saa kumi. Bomba la pembeni lilikatwa, na vipande vyake vikapandishwa Barazani vikiwa ushahidi. Kasanda hakufungwa, kwa maana hapakuwa na mwingine aliyeijua pampu. Mwanafunzi pekee aliyehitimu mikononi mwake ndiye aliyekuwa katika kiti. Baraza liliamua kwamba siku tatu zilizoibwa zirudishwe kwa mwenyewe. Bibi Mbuke alikuwa na siku nane.

*

Alizitumia mbili, zote hadi alama nyekundu. Baada ya siku ya pili Kasanda alipima nta, akahesabu kwa chaki sakafuni, akafuta, akahesabu tena. Pezi lilibakiwa na milimita sita. Zilibaki siku sita. Siku ya nne kati ya hizo pezi lingepasuka, na vipande vyake vingelipasua ganda.

Alipanda hadi Ngazi ya Nne, akabisha hodi kwa Bibi Mbuke. Alimkuta anachambua mchele, akakaribishwa, akapewa kiti na maji ya kunywa, kama apewavyo mgeni yeyote. Kasanda aliyashika maji asiyanywe. Alimwomba msamaha kwa ajili ya bomba la pembeni, na Bibi akaitika kwa kichwa, bila kusema kuwa amesamehe. Kisha alimtolea nta, akamwonyesha vidonda na vipimo. Hakuhitaji kumfafanulia; Bibi alizipokea tarakimu, akazijumlisha kimya kimya, midomo ikimcheza.

"Siku ya nne," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Umekosea hapa. Pezi likiwa jembamba litavunjika kabla halijaliwa lote. Itakuwa ya tatu."

Kasanda aliziangalia tarakimu zake. Bibi alikuwa amesema kweli.

"Kuna watoto elfu mbili katika mji huu, Bibi. Watakufa jinsi alivyokufa Milembe. Wote."

Bibi Mbuke aliendelea kuchambua. Alitoa chuya moja, akaitupa katika kibati.

"Nilimkuta amejibandika ukutani," alisema. "Shavu lake alilibandika kwenye ukuta, kwa sababu ukuta ndio uliokuwa ukimpoza siku zote. Nilipomvuta, ngozi ilibaki. Wewe unaniambia habari za watoto elfu mbili. Siwajui hao. Waambie mama zao waende Barazani wakaifute sheria, nami nitaitii. Umewaambia?"

Kasanda alikiri kwamba hakuwaambia. Baraza lilimkataza asizushe hofu.

"Basi wewe unaliogopa Baraza, Baraza linaogopa visu, na mimi ndiye ninayetakiwa kuwa na huruma." Aliupeta mchele mara moja, pumba zikaruka. "Kunywa maji, Fundi. Ukimaliza uniachie kikombe."

*

Katika karakana za Ngazi ya Tisa kila fundi alijua kwamba msikilizaji akifa haki ya mfiwa hukoma, kwa kuwa haina tena mahali pa kukaa. Hakuna aliyepata kuliona andiko lenyewe. Walilipokea kwa waliowatangulia, pamoja na namna ya kukunja gasketi na kiasi cha grisi kinachotosha beringi.

Asubuhi iliyofuata Kasanda aliingia chumba cha pampu mapema, akafunga mlango. Masunga alikuwa macho. Alikuwa amekonda, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka wa rangi ya kutu, lakini alimwamkia vizuri na kumwuliza kama amekula. Kasanda alimweleza habari ya pezi na hesabu ya Bibi Mbuke.

"Bibi yule angekuwa fundi mzuri," alisema Masunga. "Nimeisikia, Fundi. Pezi la tatu limekwisha kuwa na ufa. Nausikia hapa, chini ya ubavu."

"Umebakiwa na siku sita."

"Nitazivumilia." Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo lenyewe. "Usinitazame namna hiyo. Mwanzoni nilitaka kufa, ni kweli. Sasa sitaki. Baada ya siku kumi mfiwa hana tena haki juu yangu, na kusikiliza tu hakuumi. Pampu ikiwa nzima ni kama kulala karibu na mtu. Kifungo changu ni miaka kumi na miwili. Nitatoka nina arobaini na mitatu, si uzee."

"Na pezi?"

 Alisema labda Bibi atachoka. Alisema labda ataugua, kwa umri wake. Alisema Fundi hajapata kushindwa na kazi ya chuma, atabuni jambo usiku na mchana, kama alivyobuni lile bomba.

Kasanda alimwambia kwamba nyuzi zimeshika chumvi, nazo zinahitaji kusafishwa. Masunga akainamisha shingo mwenyewe ili amrahisishie. Kuna utaratibu wa kazi hiyo, na ni Kasanda aliyemfundisha: kwanza pampu husimamishwa, halafu nyuzi ndogo hufunguliwa moja moja kutoka chini kwenda juu, na uzi mkuu hufunguliwa mwisho, kwa sababu pampu ikiwa inazunguka, uzi mkuu ukikatwa huumwagia moyo ngurumo yote kwa mara moja.

"Hujaisimamisha, Fundi," alisema Masunga, angali ameinama. "Naisikia bado inazunguka."

"Najua," alisema Kasanda, akaukata uzi mkuu.

Haikuchukua muda. Mguu wa kushoto ulipiga sakafu mara nyingi, kiatu kikatoka. Kasanda alikiokota, akamvisha, akafunga kamba. Kisha akaenda kwenye gurudumu la vali na kuhakikisha liko wazi hadi mwisho. Pampu ilinguruma nene na tulivu. Aliisikiliza, akaona haya kwa jinsi sauti ile ilivyomfurahisha.

*

Mzee Shigela hakuchukua muda mrefu kulimaliza shauri. Karani alilifungua kabati la chuma, akalitoa andiko la sheria, akalisoma wazi mbele ya wote. Haki ilikuwa mali ya mfiwa. Ilikoma akifa yeye, au akiiacha kwa hiari yake. Juu ya kufa kwa msikilizaji liliandikwa jambo moja tu: kiti kisikae kitupu zaidi ya siku moja.

Aliyekuwa na hukumu ndefu kuliko wote katika mahabusu wakati ule aliitwa Wande. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ametoboa bomba la ukuta nyumbani kwao ili mama yake mgonjwa apate maji zaidi ya kipimo. Bibi Mbuke alikuwa hajapata kumwona.

Kasanda alisimama mbele ya Baraza, akasema yote. Alieleza uzi upi aliukata, kwa mkasi upi, saa ngapi. Alisema kwamba kiti ni haki yake yeye, na akaomba binti yule arudishwe mahabusu.

Mzee Shigela alimtazama karani, na karani akaiweka kalamu mezani.

"Na nani atakayehesabu mizunguko?" aliuliza Mzee Shigela. "Nani atakayetia grisi? Nani atakayeizima pampu kabla ganda halijapasuka, kama unavyosema litapasuka? Umemwua fundi wako wa pekee, sasa unataka kutunyang'anya na wa pili." Akamgeukia karani. "Andika kuwa Masunga alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Fundi amechoka, amesema maneno ya mtu aliyechoka."

Ilimbidi Kasanda amwunge Wande kwa mkono wake. Nyuzi arobaini na mbili, kutoka juu kwenda chini. Binti aliuliza kama itauma sana, naye akamjibu kuwa nyuzi zenyewe haziumi. Aliuliza mambo mengine pia: kama mama yake ataruhusiwa kuja, kama atalishwa au atakula mwenyewe. Kasanda aliyajibu yote isipokuwa lile la mama yake.

Kengele ya adhuhuri ilipolia, Bibi Mbuke aliingia na kigoda chake. Aliona ni nani aliyekaa kitini, akasimama. Kasanda hakumsomea sheria. Alimweleza kwa maneno machache kwamba Masunga hakufa kwa moyo, bali yeye Kasanda ndiye aliyemwua ili kuiokoa impela. Kwamba binti huyu hana damu ya Milembe mikononi mwake. Kwamba pezi lina ufa, na huenda lisifike hata siku ya tatu. Na kwamba Bibi akisema neno moja tu, kuwa ameiacha haki yake, yote yatakoma hapo hapo.

Bibi Mbuke alisikiliza mpaka mwisho. Bado alikuwa na kigoda mkononi, hajakiweka chini, na Kasanda aliliona hilo, na kwa kitambo kidogo aliamini kwamba limekwisha.

"Masunga alikuwa wangu," alisema Bibi Mbuke. "Siku zangu sita, na yeye. Umenichukulia kama ulivyonichukulia zile tatu. Kila mara unaniibia, kisha unaniomba niwe mwema."

Alikiweka kigoda chini. Alilishika gurudumu kwa mikono yote miwili na kulizungusha.

"Mmoja," alisema Kasanda. "Miwili."

Impela iliyokwisha kuliwa haikungoja mzunguko wa tano. Kokoto zilianza papo hapo. Wande alipiga kelele nyembamba, ya juu, akaita mama, na Bibi Mbuke akasimama, mikono ingali kwenye gurudumu, kichwa amekigeuza upande kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Alikaa hivyo, kelele zikiendelea, uso wake ukiwa wazi kabisa.

"Ana sauti ya kitoto," alisema Bibi Mbuke.

Kisha akalizungusha tena, akangoja, akamtazama fundi kwa macho makavu.

"Mbona umenyamaza? Hesabu."

Kasanda akahesabu.